Dumu la mafuta ya taa na maji ya bwawa la mwisho

Swali: Mimi ni fundi kwenye mabwawa ya majitaka ya mji wetu. Maji yanayotoka bwawa la mwisho yanaingia kwenye mfereji wa wakulima wa mpunga. Nimesoma kwamba plastiki zikiwa baharini hufyonza sumu kama sifongo. Hapa kwetu madumu mabovu na chupa za maji ni za kujaza lori. Nikizikatakata, nikazitia kwenye nyavu na kuzizamisha bwawa la mwisho, hazitaondoa mabaki ya dawa za hospitali na viuatilifu? Na kama haiwezekani, kwa nini?

Jibu: Ndugu yangu fundi, nianze na dumu, maana nusu ya jibu imo humo. Chukua dumu la njano lililowahi kubeba mafuta ya taa. Lioshe kwa sabuni ya unga, lisuuze mara tano, lianike juani wiki nzima, kisha lijaze maji. Kesho yake maji yananuka taa. Chukua jingine lililobeba maji ya bahari. Lisuuze mara mbili tu, chumvi imekwisha. Sijasikia mama aliyetupa dumu kwa sababu limegoma kuachia chumvi.

Tofauti hiyo ndiyo kemia yote ya swali lako. Dumu ni polietilini, na polietilini kwa jicho la mkemia ni nta iliyokazwa: minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, ndugu wa damu wa mshumaa na wa mafuta ya taa yenyewe. Mafuta yakiigusa hayakai juu ya ukuta, yanazama ndani yake, na sabuni haiwezi kuyafuata huko. Chumvi haina ndugu humo. Inabaki na maji, na maji yakimwagwa nayo imekwenda.

Ulichosoma kuhusu bahari ni kweli. Mwaka 2001 watafiti wa Japani, akiwemo Hideshige Takada wa Tokyo, walionyesha kwamba punje za plastiki ghafi zinazoelea baharini zilikuwa zimekusanya PCB (zile za mafuta ya transfoma za zamani) na masalia ya DDT (kiuatilifu cha zamani) kwa kiwango cha mara 100,000 hadi 1,000,000 kuliko maji yaliyozizunguka. Tangu 2005 Takada amekuwa akiwaomba watu wa pwani mbalimbali duniani waokote punje hizo ufukweni na kumtumia kwa posta. Akizipima anajua bahari ya kwao imebeba nini. Lakini ona walionaswa: PCB, DDT, masizi ya mafuta yaliyoungua. Wote ni ukoo wa mafuta ya taa. Hakuna chumvi hapo.

Kabla sijaenda mbali, chupa zako za maji ziweke pembeni kabisa. Mwaka 2013 Chelsea Rochman na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la mwaka mzima kwenye ghuba ya San Diego, Marekani, ambako walitundika aina tano za plastiki majini. Polietilini na polipropilini zilijaa PCB na masizi kuliko PVC (ile ya mabomba) na PET, na chupa za maji ni PET. Kwenye joto letu la kawaida PET ni ngumu kama kioo, haianzi kulegea mpaka karibu nyuzi 70 za Selsiasi, kwa hiyo sumu haipati mwanya wa kupenya. Polietilini imelegea hata ukiitia kwenye friji. Kwa mzigo wako wa lori, basi, linalobaki mezani ni dumu.

Sasa kuna kipimo kimoja ambacho kila anayeshughulika na majitaka angefaa akijue. Unatia kemikali kwenye chupa yenye maji pamoja na alkoholi nzito iitwayo oktanoli, ambayo haichanganyiki na maji. Unatikisa, unaacha vitengane, kisha unapima kemikali imekimbilia upande gani. Kwa kila sehemu moja ya DDT inayobaki kwenye maji, mamilioni yamehamia kwenye oktanoli. Klopirifosi ya kuua wadudu: makumi ya maelfu. Triklosani, iliyozoeleka kwenye sabuni za kuua vijidudu: kama 57,000. Kabamazepini, dawa ya kifafa: kama 280. Sulfamethoksazoli iliyomo kwenye Septrin: 8. Lamivudini, mojawapo ya ARV, haifiki hata 1. Glifosati ya kuua magugu iko chini mno ya 1. Hiyo ni chumvi kabisa kwa tabia zake.

Diklofenaki, dawa ya maumivu, inafaa kutajwa peke yake kwa sababu inadanganya. Vitabu vinaipa namba kubwa, zaidi ya 30,000, na mwanafunzi akiiona anasema hii lazima iingie kwenye plastiki. Namba hiyo ni ya diklofenaki isiyo na chaji. Ni asidi, na kwenye maji ya kawaida karibu yote imeshaachia haidrojeni yake na kubaki na chaji ya umeme. Kitu chenye chaji hukumbatiwa na maji. Bwawa lenye mwani adhuhuri linaweza kufika pH 9 na zaidi, yaani maji yameuacha mbali uasidi, na hapo ndipo asidi za namna hii zinazidi kushikamana na maji. Ibuprofeni ni hivyo hivyo. Sulfamethoksazoli, ile 8 yake inapungua tena.

Jiulize sasa: maji yakifika bwawa la mwisho, nani bado yumo?

Majitaka yanapoingia bwawa la kwanza yamejaa mafuta ya jikoni, kinyesi na uchafu mwingine mzito. Vitu hivyo vina asili ya mafuta kuliko maji, kwa hiyo DDT, PCB, klopirifosi na jamaa zao hujishika humo na kuzama navyo. Yaani kabla wewe hujafikiria dumu, mabwawa yako yalikuwa tayari na sifongo lake, nalo ni tope. Linafanya kazi hiyo kimyakimya tangu siku mlipofungulia maji. Wanaovuka hadi bwawa la mwisho ni wale ambao tope halikuwataka, na halikuwataka kwa sababu ileile ambayo dumu halitawataka. Wachache wa ukoo wa mafuta wanaofika huko wamepanda juu ya chembe za mwani, na mwani kwao ni makazi mazuri kama plastiki yako.

Haya si mambo ya kufikirika. Watafiti waliopima majitaka na mito ya Nairobi na Kisumu, ambao matokeo yao yalichapishwa 2012 na 2016, walikuta lamivudini, zidovudini na nevirapini (zote ARV), sulfamethoksazoli na kabamazepini. Zipange kwenye kipimo cha oktanoli uone zinaangukia wapi. Maji ya mji wa Ulaya yana orodha yake. Yetu hubeba alama za magonjwa yetu, na dawa hizi tunazimeza kila siku kwa wingi. Nyingi ni za upande wa chumvi.

Wacha nikupe hesabu, kwa sababu mkurugenzi wako ataitaka. Tuseme kituo chako ni kidogo, kinatoa mita za ujazo 1,000 kwa siku, yaani lita milioni moja, na unataka kuondoa asilimia 90 ya kichafuzi fulani. Kama polietilini inakipenda kichafuzi hicho mara 100,000 kuliko maji, unahitaji kilo 90 za plastiki. Dumu la lita 20 lina kama kilo moja. Madumu 90, kazi imekwisha; ningekuunga mkono. Sasa weka kabamazepini. Majaribio ya maabara, tena kwa unga laini wa polietilini, huipa namba ya mia moja na kitu, karibu mia mbili. Ukitumia 100, hesabu inakuambia tani 90. Ukinibishia ukatumia 200, ni tani 45. Kwa maji ya siku moja. Kesho yanakuja mengine. Kwa sulfamethoksazoli sikufanyii hata hesabu.

Na hapo tumejidanganya kwamba plastiki imepewa muda wa kutosha. Karatasi ya polietilini nyembamba kuliko unywele huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kushiba. Ukuta wa dumu una milimita moja au zaidi. Kwa sumu kubwakubwa kama PCB, katikati ya ukuta huo patafikiwa baada ya miezi, pengine miaka. Utasema: basi nisage vipande viwe unga. Ukisaga, unga utatoroka kwenye nyavu, utafuata mfereji, utalala kwenye majaruba ya mpunga. Utakuwa umeanza na tatizo moja umalizie na mawili.

Kuna mengine mawili yananitia wasiwasi zaidi. Kwanza, plastiki hufyonza na pia huachia. Masika yakija, mvua ikayafanya maji ya bwawa kuwa mepesi, mlango hufunguka kwa upande wa pili, na sumu iliyoingia kiangazi hurudi kwenye maji, kama dumu linavyorudisha harufu ya taa. Isitoshe madumu mabovu hayaji mikono mitupu: yana rangi, yana vidhibiti vya jua, yana chochote alichobeba mwenye dumu kabla yako, na safari nyingine alichobeba ni kiuatilifu. Pili, ikishashiba utaipeleka wapi? Ukiitupa jalalani itachomwa na watoto au na mlinzi anayeota moto usiku, na plastiki yenye sumu za klorini ikichomwa hovyo hutoa dioksini, sumu kali kuliko ya mwanzo. Mahali panapofaa ni tanuru la kiwanda cha saruji, ambako moto unapita nyuzi 1,400, na kwa hilo unahitaji kibali na gari.

Sisemi plastiki haina kazi kwenye majitaka. Ziko plastiki zilizozaliwa kwa kazi ya kufyonza. Punje za polistairini zenye vitundu, kama Amberlite XAD-4, zina uso wa ndani unaopita mita za mraba 700 kwa gramu moja, na wanamaabara wamezitumia kwa miongo mingi kukusanya kemikali kutoka kwenye maji. Mwaka 2016 mkemia wa Marekani William Dichtel na wenzake walitangaza polima iliyojengwa kwa saiklodekstrini, sukari ya umbo la pete inayotokana na wanga, ambayo ilinasa bisfenoli A (kemikali ya kutengenezea plastiki) kwa kasi ya mara 15 hadi 200 kuliko mkaa ulioamilishwa, yaani mkaa uliotayarishwa uwe na vitundu vingi mno, kisha ikasafishwa kwa methanoli bila kuchomwa moto. Kazi nzuri sana, naifuatilia. Ila hakuna kati ya hizo inayofanana na dumu, na hakuna mamlaka ya maji kwetu itakayozimwaga bwawani.

Ipo pia njia ambayo plastiki haifyonzi kitu, inapangisha nyumba tu. Huko Norway, mwishoni mwa miaka ya 1980, Hallvard Ødegaard na wenzake walianza kutumia vipande vidogo vya polietilini vyenye kuta za ndani, vinavyoelea na kuzungushwa kwa hewa, ili bakteria waote juu yake kama utelezi. Vipande vya aina yao ya mwanzo, K1, hutoa mita za mraba 500 za makazi kwa kila mita ya ujazo ya vipande. Baadaye watafiti waligundua kwamba utelezi wa namna hiyo hula diklofenaki vizuri kuliko tope la kawaida linalopulizwa hewa. Anayekula ni bakteria, plastiki ni kibaraza chake. Ila mitambo hiyo inataka umeme wa kupuliza hewa saa 24, na uzuri wa mabwawa yako ni kwamba hayana bili hiyo.

Kazi ambayo mimi naipenda kuliko zote, na hii unaweza kuifanya hata mwezi ujao, ni kuitumia plastiki kama mpelelezi. Ileile tabia inayoifanya ishindwe kusafisha maji ya siku nzima inaifanya iwe shahidi mzuri: kipande kidogo kilichokaa majini wiki nne kinakusanya sumu za ukoo wa mafuta ambazo ungechota ndoo ya maji usizione kabisa. Unachukua karatasi ya polietilini nyeupe isiyo na rangi, ile ambayo dukani wataiita nailoni. Unaikata vipande vya upana wa kiganja, unaviloweka kwenye kiyeyushi safi siku nzima, unamwaga, unarudia. Unavikunja kwenye karatasi ya alumini. Bwawani unavitundika ndani ya kizimba cha waya, nusu mita chini ya maji. Baada ya siku 28 unavitoa, unavifuta utelezi kwa maji safi, unavirudisha kwenye alumini, kisanduku cha barafu, maabara. Uliza kwanza kama wana mashine ya GC-MS, ile inayotenganisha kemikali na kuzitambua moja moja, na kama wamewahi kupima kutoka kwenye plastiki. Idara ya kemia ya chuo kikuu huwa na subira ya kazi kama hii kuliko maabara yenye foleni ya kesi.

Mara yangu ya kwanza nilirudi na matokeo ya kutisha: masizi ya mafuta kila kipande, kama vile bwawa lilikuwa bandari. Tulikesha tunatafuta gereji gani inamwaga oili. Bahati, kulikuwa na kipande kimoja ambacho hakikuwahi kugusa maji, kilikaa tu kwenye mfuko wangu safari nzima. Nacho kilikuwa kichafu vilevile. Tulikuwa tumesafiri na vipande nyuma ya pikapu, alumini imefunguka pembeni, kando ya galoni la dizeli. Plastiki ilifanya kazi yake kwa uaminifu, ilipeleleza pikapu. Mara ya pili kizimba kimoja hatukukiona. Kijana mmoja mvuvi alikuwa amekichukua akakigeuza mtego, akatuambia kinavua vizuri.

Sasa nini kifanyike kwa wale wakulima? Kama mji wako utapata fedha za kuondoa mabaki ya dawa kweli, mkaa ulioamilishwa ndio utakaozungumziwa, au ozoni. Uswisi iliandika sheria hiyo ikaanza kutumika 2016: mitambo iliyochaguliwa iondoe asilimia 80 ya vichafuzi vidogo, na inayotumia unga wa mkaa hutia miligramu 10 hadi 20 kwa lita. Kwa kituo chako cha lita milioni moja hiyo ni kilo 10 hadi 20 kwa siku. Linganisha na zile tani 90. Mkaa hauchagui kwa undugu wa mafuta peke yake. Una vitundu na kuta zinazoshika hata kabamazepini. Kwenye maji yenye mwani kama yako dozi itapanda, maana mwani nao unaziba vitundu. Umoja wa Ulaya umepita njia hiyohiyo katika sheria yake mpya ya majitaka iliyoanza kutumika Januari 2025, na imewabebesha watengenezaji wa dawa na vipodozi angalau asilimia 80 ya gharama. Hilo la nani alipe ningependa lifike na kwetu.

Ila kwa leo, jua na muda vinafanya kazi ambayo hujavipa sifa. Diklofenaki huvunjwa na mwanga wa jua haraka, sulfamethoksazoli nayo huguswa. Bwawa la mwisho lenye kina cha mita moja au moja na nusu ni mtambo wa mwanga wa bure, mradi maji yakae siku zilizopangwa. Na pengine hayakai. Mabwawa mengi niliyoyatembelea yamejaa tope ambalo halijatolewa kwa miaka, maji yanateleza juu yake na kutoka siku mbili tatu kabla ya wakati. Tope lililofurika nalo linaanza kusafiri na maji, na ndani yake wamo wale DDT na klopirifosi tuliosema wamezama. Wamo pia mayai ya minyoo, ambayo kwa mtoto wa mkulima anayepandikiza mpunga pekupeku ni hatari ya karibu kuliko kabamazepini. Mwongozo wa WHO wa 2006 unataka yasizidi yai moja kwa lita.

Kwa hiyo nguvu uliyotaka kuitia kwenye kukata madumu, itie kwenye sifongo ulilo nalo. Tafuta mti mrefu ulionyooka, uzungushie taulo jeupe sehemu ya chini, ulifunge kwa kamba. Panda mtumbwi, ukiwa na mwenzako na jaketi la kuokolea, uuzamishe wima polepole mpaka uguse sakafu ya bwawa la kwanza, usubiri kidogo, uuvute wima vilevile. Sehemu ya tope itabaki na madoa meusi ya chembe kwenye taulo, na sehemu ya maji itakuwa imelowa tu. Pima urefu wa weusi, rudia sehemu kumi tofauti, hasa karibu na bomba la kuingizia. Ukikuta tope limefika theluthi moja ya kina, ni wakati wa kulitoa. Niandikie vipimo ulivyopata pamoja na urefu na upana wa bwawa, tupige hesabu ya siku maji yanazokaa kweli.